Saa 51 chini ya bahari: mtelezo wa kimyakimya uliounganisha matetemeko mawili ya Japani

Jumatano ya Machi 9, 2011, saa sita kasorobo mchana kwa saa za Japani, sakafu ya bahari mbele ya mkoa wa Miyagi ilitikisika. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 7.3. Tahadhari ya tsunami ikatolewa, na katika bandari ya Ofunato bahari ikapanda kwa nusu mita hivi kisha ikarudi. Hakufa mtu. Watu wa pwani ile walikuwa wameambiwa kwa miaka kwamba tetemeko kubwa la Miyagi liko njiani. Kamati ya serikali ya kutathmini matetemeko ilikuwa imetaja uwezekano wa asilimia 99 ndani ya miaka 30. Ilikuwa rahisi mtu kuamini kwamba lililosubiriwa ndilo hilo, nalo limeshapita.

Ijumaa ya Machi 11, saa nane na dakika 46 mchana, ufa uleule ulipasuka tena. Safari hii ukubwa ulikuwa 9.0. Maji yalipanda kwenye baadhi ya mabonde ya pwani hadi karibu mita 40 juu ya usawa wa bahari. Watu wapatao 16,000 walikufa, na wengine zaidi ya 2,500 hawajapatikana hadi leo.

Kati ya tetemeko la kwanza na la pili zilipita saa 51. Kisa ninachokichambua hapa ni hizo saa 51, pamoja na wiki chache zilizotangulia. Kwa muda huo wote ardhi chini ya bahari haikuwa imetulia. Ilikuwa inateleza, taratibu, bila kumtikisa mtu yeyote kitandani, kuelekea mahali ambapo janga lingeanzia. Nimefundisha jiografia ya sekondari kwa muda mrefu, na hakuna kisa kingine kilichobadilisha namna ninavyolieleza tetemeko la ardhi kama hiki.

Tuanze na mahali penyewe. Mashariki ya kisiwa cha Honshu, bamba la Pasifiki, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia kinachobeba sakafu ya bahari hiyo, linazama chini ya Japani kwa kasi ya sentimita 8 au 9 kwa mwaka. Mahali linapoanza kuzama pana handaki refu la baharini lenye kina cha zaidi ya mita 7,000. Kutoka kwenye handaki hilo, uso wa mgusano kati ya bamba la chini na la juu unateremka kuelekea magharibi hadi chini ya nchi kavu. Huo uso wa mgusano ndio ufa wenyewe.

Vitabu vyetu vya shule huuchora ufa kama mstari mmoja mnene wenye mishale miwili, na mwanafunzi anatoka darasani akidhani kwamba ufa wote hukwama pamoja na wote hukatika pamoja. Sivyo ulivyo. Uso wa ufa ni kama kanzu kuukuu yenye viraka. Vipo viraka vilivyoshikana kabisa, ambavyo havisogei kwa miaka mingi hadi siku vinapoachia kwa kishindo. Vipo vingine vinavyoteleza polepole wakati wote, na udongo na miamba yake ni ya aina ambayo kadiri unavyoisukuma kwa kasi ndivyo inavyozidi kushika, kwa hiyo mwendo haupati nafasi ya kuchanganya. Halafu vipo vya katikati, vyenye tabia ya kigeugeu: hutulia miaka kadhaa, kisha huteleza kwa siku, wiki au hata miezi, halafu hutulia tena. Mtelezo wa namna hii hautoi mawimbi ya mtetemo yanayoweza kuhisiwa, ndiyo maana wataalamu huuita tetemeko la kimya. Nishati inayoachiwa yaweza kulingana na ya tetemeko la ukubwa wa 6 au 7, na watu wakaendelea na chakula chao cha mchana.

Darasani ninalielezea hili kwa matofali. Chukua matofali matatu ya kuchoma, uyapange kwa mstari juu ya ubao mkavu, uyaunganishe kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vile vya kutengenezea manati. Chini ya tofali la katikati paka grisi nzito, ya kutosha. Sasa vuta tofali la kwanza kwa mpira mwingine, taratibu. Halisogei, halisogei, kisha linaruka ghafla kama sentimita mbili. Hilo ndilo tetemeko la kwanza. Liangalie sasa tofali la katikati. Haliruki, kwa sababu grisi haimruhusu mtu kwenda haraka. Lakini mpira ulio mbele yake umekazwa, kwa hiyo linaanza kutambaa. Ukilitazama moja kwa moja utadhani limesimama. Inabidi uweke alama ya chaki pembeni ndipo uone kwamba limepita. Na kadiri linavyotambaa, mpira wa nyuma yake, unaolishika tofali la tatu, nao unakazika. Dakika moja, dakika mbili. Wanafunzi wameshaanza kuongea mambo yao, ndipo tofali la tatu linaruka.

Kati ya tofali la kwanza na la tatu hakuna aliyegusa kitu. Aliyebeba ujumbe ni lile la katikati.

Nimelifanya jaribio hili mara nyingi, na mara nyingine tofali la tatu haliruki kabisa. Grisi inatambaa, mpira unakazika kidogo, kisha kila kitu kinatulia. Tutalirudia hilo, maana ndilo gumu.

Swali la haki ambalo mwanafunzi huuliza ni hili: kama mtelezo huo hautikisi kitu, na uko kilomita kadhaa chini ya sakafu ya bahari, ulijulikanaje? Ushahidi wa Machi 2011 ulipatikana kwa njia mbili, na zote zinastahili kusimuliwa kwa utaratibu.

Ya kwanza ni matetemeko yanayojirudia. Ndani ya eneo linaloteleza polepole huwa kuna vidonda vidogo vya mwamba mgumu, mfano wa kokoto iliyonasa kwenye grisi. Eneo linalozunguka likiteleza, kile kidonda kinashika, kinakazwa, kisha kinakatika kwa mtetemo mdogo. Likiteleza tena, kinakatika tena, palepale, kwa namna ileile. Michoro ya vipimatetemeko inafanana kiasi kwamba ukiweka mmoja juu ya mwingine huoni tofauti. Mfano mashuhuri kabisa uko pwani hiyohiyo, mbele ya mji wa Kamaishi. Pale kuna kiraka ambacho tangu mwaka 1957 kilikuwa kikitoa tetemeko la ukubwa wa karibu 4.8 kila baada ya miaka mitano na nusu hivi. Toru Matsuzawa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tohoku walitangaza mapema kwamba lingekuja tena, na mwezi Novemba 2001 likaja. Kwa hiyo mtu akihesabu mitetemo inayojirudia kwenye eneo fulani, anapata kipimo cha kiasi ambacho ufa umeteleza kimyakimya kuizunguka. Mtetemo mmoja ni kama tiki moja ya saa ya ukutani. Tiki zikiongeza kasi, ujue mtelezo umeongeza kasi. Baada ya tetemeko kuu la 2011, kiraka cha Kamaishi kiliacha kabisa utaratibu wake wa miaka mitano: kilikatika mara kwa mara, na baadhi ya mitetemo yake ikakaribia ukubwa wa 6.

Aitaro Kato wa Taasisi ya Utafiti wa Matetemeko ya Chuo Kikuu cha Tokyo na wenzake waliitumia mantiki hiyo. Walichukua michoro ya mitetemo iliyokuwa imeshatambuliwa, wakaipitisha kama kiolezo juu ya kumbukumbu za wiki za kabla ya Machi 11, wakitafuta mitetemo midogo iliyokuwa imefichwa na kelele za bahari na za mitetemo mingine. Orodha yao mpya ilikuwa na matukio mengi zaidi kuliko orodha rasmi. Walipoyapanga kwa tarehe na mahali, walichapisha mwaka 2012 jambo ambalo lilinifanya nisome sentensi ileile mara tatu. Mitetemo ilikuwa inahama. Kulikuwa na misafara miwili. Wa kwanza ulipita mwezi Februari. Wa pili ulianza baada ya tetemeko la Machi 9. Yote miwili ilielekea upande mmoja, sambamba na handaki, kuelekea pale ambapo tetemeko la 9.0 lingeanzia, kwa mwendo wa kilomita 2 hadi 10 kwa siku. Na ndani ya misafara hiyo kulikuwa na ile mitetemo inayojirudia, yaani alama kwamba ufa wenyewe ulikuwa unateleza.

Kilomita 10 kwa siku ni kama mita 400 kwa saa, mwendo wa mzee anayetembea kwa mkongojo huku akisimama kusalimia kila nyumba. Mpasuko wa tetemeko la kawaida hukimbia kilomita 2 au 3 kwa sekunde moja. Naomba msomaji asichanganye: hiyo ni kasi ya ukingo wa eneo linaloteleza, jinsi ulivyokuwa unasonga mbele. Mtelezo wenyewe, yaani kiasi ambacho jiwe la juu lilipishana na jiwe la chini, ulikuwa wa sentimita tu.

Njia ya pili ni vipimo vya shinikizo vilivyolala kwenye sakafu ya bahari. Kifaa kinapima uzito wa maji yaliyo juu yake. Sakafu ikiinuka sentimita chache, maji ya juu yanapungua kwa sentimita hizohizo na shinikizo linashuka. Ikididimia, shinikizo linapanda. Ni kazi ngumu kusoma sentimita hizo chini ya maji ya kina cha kilomita kadhaa, ambako maji kupwa na maji kujaa, dhoruba na mikondo vyote vinapiga kelele kubwa kuliko kitu unachokitafuta. Yoshihiro Ito na wenzake waliziondoa kelele hizo, wakaonyesha kwamba sehemu ya ufa iliyo karibu na handaki ilikuwa imeteleza polepole mara mbili: mwaka 2008, na tena kuanzia mwishoni mwa Januari 2011 hadi kukaribia tetemeko la Machi 9. Kwa nishati, mtelezo wa kwanza ulilingana na tetemeko la ukubwa wa 6.8 na wa pili 7.0.

Hapa pana jambo linaloniuma kila ninapolieleza. Vifaa vile vilikuwa vya aina ya kuandika na kunyamaza. Vinashushwa baharini, vinakusanya takwimu miezi na miezi, kisha meli inakwenda, inaviita kwa sauti chini ya maji, vinaachia uzito na kuelea juu. Kwa maana hiyo, habari za mtelezo wa Februari zilikuwepo. Zilikuwa zimeandikwa, tarehe kwa tarehe, ndani ya makopo ya chuma kwenye giza la kilomita kadhaa. Zilisomwa baada ya janga. Kimoja cha vifaa hivyo, kilichokuwa karibu kabisa na handaki, kiliandika pia sakafu ikipaa mita 5 siku ya Machi 11.

Sasa tuyapange matukio kwa mfuatano. Kuanzia mwishoni mwa Januari, sehemu ya ufa inateleza kimyakimya. Februari, mitetemo midogo inahama kuelekea kusini-magharibi. Machi 9, kiraka kilichoshikana kaskazini-mashariki ya pale kinakatika: ukubwa 7.3. Maeneo ya ufa yaliyokizunguka kiraka hicho, ambayo hayakuruka nacho, yanaanza kutambaa kuifuata nafasi mpya, kama lile tofali la kwenye grisi. Wataalamu wana jina lake, mtelezo wa baada ya tetemeko. Kwa siku mbili ukingo wake unasogea. Kati ya kitovu cha tetemeko la kwanza na kitovu cha la pili ni kilomita 45 hivi. Sehemu ya umbali huo ilikuwa imeshachanika tarehe 9 yenyewe, na iliyobaki ikajazwa na huo mtelezo. Ijumaa mchana ukingo unafika kwenye kiraka kingine kilichoshikana. Kiraka hicho kimebeba mkazo wa karne nyingi, tangu pengine tetemeko la Jogan la mwaka 869, ambalo tsunami yake iliacha mchanga wa bahari ndani kabisa ya tambarare ya Sendai.

Kilichofuata kilichukua dakika chache. Eneo la kilomita 500 kwa 200 lilikatika. Rasi ya Oshika ilisogea mita 5.3 kuelekea mashariki-kusini-mashariki na ikadidimia mita 1.2. Karibu na handaki, sakafu ya bahari ilihama mita 50.

Hizo mita 50 ndizo zilizowashtua wataalamu, na zinagusa kiini cha kisa hiki. Kabla ya 2011 wengi waliamini kwamba sehemu ya juu ya ufa, iliyo karibu na handaki, ni laini mno kuweza kuhifadhi mkazo mkubwa. Ilihesabiwa kuwa ni sehemu ya kuteleza polepole, ya kuvunja kasi, kama mchanga unaowekwa mwisho wa barabara ya mteremko ili lori lililokatika breki lizame humo. Na kweli ilikuwa imeteleza polepole, mwaka 2008 na Februari 2011. Lakini siku ya Ijumaa ile, mpasuko ulipofika pale kwa kasi kubwa, sehemu hiyo haikuuzuia. Ilikwenda nao, tena ikaruka kuliko sehemu nyingine zote, na ndiyo iliyoyasukuma maji.

Mwaka 2012 meli ya uchimbaji Chikyu ilikwenda palepale. Bahari ina kina cha karibu mita 6,900. Wakachimba zaidi ya mita 800 chini ya sakafu hadi kuufikia ufa wenyewe, wakatoa kipande chake. Waliokiona walikuta udongo wa mfinyanzi ulioviringika na kuchanika kama maganda, wa aina ya smektaiti, ule ambao ukilowa unateleza kama sabuni. Ukanda wote wa ufa ulikuwa na unene usiozidi mita 5. Wakaacha vipimajoto ndani ya shimo ili wapime joto lililobaki kutokana na msuguano wa siku ile, mwaka mmoja na zaidi baadaye. Walipovitoa, ziada ya joto ilikuwa sehemu ya tatu tu ya nyuzi moja ya selsiasi. Mita 50 za jiwe kupishana na jiwe, na joto lililobaki ni hilo! Maana yake msuguano ulikuwa mdogo mno. Udongo ule ukienda polepole unashika kiasi. Ukikimbizwa, maji yaliyonaswa ndani yake yanapata joto, yanatanuka na kuunyanyua mzigo, na ufa unaachia. Kwa hiyo mtelezo wa polepole haukuwa cheti cha usalama. Sehemu ileile ya ufa inaweza kutembea mwaka huu na kukimbia mwaka ujao, ikitegemea aliyekuja kuisukuma amekuja na kasi gani.

Narudi kwenye tofali lisiloruka.

Ukisoma kisa hiki kuanzia mwisho kurudi mwanzo, kila kitu kinaonekana kama kilipangwa: Februari, Machi 9, Machi 11. Ukikisoma kuanzia mwanzo kwenda mwisho, kama walivyokiishi watu wa Miyagi, haukuwepo mstari ulionyooka. Mtelezo wa 2008 ulipita karibu na eneo lilelile, na tetemeko la ukubwa wa 9 halikuja. Katika miaka iliyotangulia 2011, matetemeko ya ukubwa wa karibu 7 yalitokea mara kadhaa mbele ya Miyagi na Fukushima, likiwemo la ukubwa wa 7.2 la Agosti 16, 2005. Baadhi yalifuatwa na mtelezo mkubwa wa kimya. Mitelezo hiyo ilikwenda, ikapungua, ikafa. Mchukuzi alipita mlango kwa mlango na hakukuta mtu wa kumfungulia.

Tofauti iko wapi? Jibu ninaloliamini baada ya kuyasoma haya ni kwamba tofauti haimo ndani ya mtelezo. Mtelezo wa Machi 9 hadi 11 haukuwa na alama yoyote inayojulikana ya kuutofautisha na ile iliyokufa. Tofauti ilikuwa kwenye kiraka ulichokifikia: kilikuwa kimeshajaa hadi ukingoni, kikihitaji nyongeza ndogo tu. Hata neno “ulisababisha” ningelitumia kwa tahadhari. Mtelezo haukuleta nishati ya tetemeko la 9.0, nishati hiyo ililetwa na bamba la Pasifiki, sentimita 8 kwa sentimita 8, karne baada ya karne. Ulichokileta ni saa na mahali. Wapo pia wanaoona kwamba mitetemo midogo ingeweza kusukumana yenyewe kwa yenyewe hadi kwenye kitovu, mmoja ukiuwasha mwingine kama njiti za kiberiti zilizopangwa, bila kuhitaji mtelezo kama mbebaji. Sidhani nadharia hizo mbili zinafukuzana. Vipimo vya shinikizo vinaonyesha kwamba mtelezo ulikuwepo. Njiti nazo zilikuwepo.

Tamaa ya kuupata mtelezo wa mwisho, ule wa saa chache kabla ya janga, ni kubwa, na ninaielewa. Mwaka 2023 Quentin Bletery na Jean-Mathieu Nocquet walikusanya takwimu za GPS za kabla ya matetemeko 90 makubwa duniani, la Tohoku, yaani hili la Machi 11, likiwemo, wakazijumlisha, wakaona dalili ya mtelezo unaoongezeka kasi katika saa mbili za mwisho. Habari hiyo ilisambaa haraka. Muda mfupi baadaye Kyle Bradley na Judith Hubbard wakaonyesha kwamba ukiondoa kelele ambazo vituo vya GPS huzipata kwa pamoja, dalili hiyo inafifia. Nawaheshimu wote wanne: wa kwanza waliziweka hesabu zao wazi, wa pili wakazikagua bila kungoja kuombwa. Kwa sasa hatuna kengele ya saa mbili.

Huko Chile mwaka 2014 msafara wa namna hii ulichukua wiki mbili: Machi 16 tetemeko la ukubwa wa 6.7 mbele ya Iquique, kisha mitetemo na mtelezo wa polepole, kisha Aprili 1 tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 8. Saa 51 kwa Japani, siku 16 kwa Chile. Saa ya tofali la katikati haitabiriki hata baada ya la kwanza kuruka.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalo la kwetu, ingawa si la kiwango hicho. Julai 2007, kusini mwa Ziwa Natron, mitetemo ilifululiza kwa wiki kadhaa na kuhisiwa Arusha hadi Nairobi. Kubwa kuliko yote, ya Julai 17, ilikuwa na ukubwa wa 5.9. Picha za rada za satelaiti zilipochambuliwa na Eric Calais na wenzake, ilionekana kwamba ufa mmoja ulio jirani na mlima Gelai uliteleza kwanza polepole, ndipo magma, yaani miamba iliyoyeyuka, ikapenya ardhini kama kabari upande wa kusini wa mlima huo. Sehemu kubwa ya ardhi iliyohama ilihama bila mtetemo. Septemba mwaka huohuo Oldoinyo Lengai ukaanza kulipuka. Huwa nawaonyesha wanafunzi wangu ramani ya Gelai baada ya jaribio la matofali, kwa sababu ukizungumzia Japani peke yake wanadhani mtelezo wa kimya ni kitu cha baharini na cha watu wa mbali.

Japani ilifanya nini na saa 51? Ilifanya mambo mawili ninayoyaona kuwa ya maana. Kwanza ilivitoa vipimo kwenye giza. Leo kuna vituo 150 kwenye sakafu ya bahari kuanzia mbele ya Chiba hadi mbele ya Hokkaido, vimeunganishwa kwa kebo yenye urefu wa zaidi ya kilomita 5,000, vyenye vipimatetemeko na vipimo vya shinikizo vinavyotuma habari papo hapo.

La pili halihusu vifaa. Tangu Desemba 2022, tetemeko la ukubwa wa 7 au zaidi likitokea kando ya handaki la Japani au la Visiwa vya Kuril, Idara ya Hali ya Hewa ya Japani hutoa tahadhari ya wiki moja kwamba jingine kubwa zaidi laweza kufuata. Mifano iliyowasukuma ni Machi 2011 na Oktoba 1963, wakati tetemeko la ukubwa wa 7 huko Kuril lilipofuatwa na la 8.5 saa 18 baadaye. Nao wanasema wazi kwamba uwezekano ni takriban mara moja katika mia. Nimesikia watu wakibeza: mara 99 mtakuwa mmewatisha watu bure. Mimi naona ni uungwana mkubwa kumwambia mtu mzima namba yenyewe na kumwachia aitumie. Hawaambiwi wahame. Wanaambiwa waendelee na kazi zao, ila kwa wiki hiyo walale na nguo za kuwawezesha kutoka mara moja, waweke viatu na tochi karibu na kitanda, na mkoba wa dharura uwe mlangoni.

Usiku wa Desemba 8, 2025, tetemeko la ukubwa wa zaidi ya 7 lilitokea mbele ya mkoa wa Aomori. Kabla ya alfajiri tahadhari hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe. Watu wa pwani kuanzia Hokkaido hadi Chiba wakaviweka viatu kando ya kitanda. Wiki ikaisha, tetemeko kubwa zaidi halikuja, tahadhari ikaondolewa.